Nani Alimkata Josiane

Mdogo wangu Tanguy na mwenzake Régis walikuwa wasanii wakubwa kwa muda wa miaka mitano, na katika miaka hiyo yote sikumbuki siku hata moja ambayo mmoja wao alijua kikombe kinawekwa wapi mtu akishamaliza kahawa. Kazi yangu halisi ilikuwa kutengeneza meno bandia katika maabara moja hapa Versailles, kazi tulivu, kwa kuwa meno ninayoshughulika nayo yanakuwa hayajapata mdomo. Lakini mwaka wa tisini na nane wale wawili walihitaji mtu wa kuwapokelea simu, wakagundua kwamba katika dunia nzima wanamjua mtu mmoja tu anayeweza kusema "haloo" bila kutokwa jasho. Nikaambiwa kwamba mimi ni meneja. Nikaanza kwenda maabara nusu siku.

Kundi lao liliitwa Deux Balcons, yaani Balkoni Mbili, na watu wa magazeti waliandika mengi mazito kuhusu jina hilo. Ukweli ni kwamba balkoni yetu sisi akina Delorieux ilitazamana na ya akina Maupertin, uani, ghorofa ya tatu, na tangu wana miaka tisa wale wawili walipigiana kelele kutoka balkoni hadi balkoni kwa sababu kushuka ngazi kuliwashinda. Walipobalehe walianzisha bendi ya roki ya watu wanne. Siku moja bendi ilijirekodi kwenye kaseti na kujisikiliza, na wawili kati ya wanne wakaacha muziki jioni hiyo hiyo. Tanguy na Régis hawakuona tatizo.

Kisha Régis akauza pikipiki yake akanunua sampla. Ni mashine ya ukubwa wa sanduku la viatu inayonasa kipande cha sauti na kukirudia mpaka mtu aombe msamaha. Waliiweka katika chumba changu cha usichana, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeolewa na mama alidhani sitarudi. Kitanda changu kilipelekwa stoo bila mimi kuulizwa.

Niwape haki yao, kazi waliigawana vizuri. Tanguy alikuwa na masikio. Kila Jumamosi alizunguka kwenye masoko ya vitu chakavu na kurudi na santuri za disko ambazo wenyewe walikuwa karibu kuzitupa, kisha anakaa sakafuni amefumba macho, anasikiliza santuri baada ya santuri, mpaka zipite sekunde mbili zitakazomfanya afumbue. Kazi yake ilikuwa hiyo, kufumbua macho. Régis asingezisikia sekunde hizo hata zingemgonga barabarani. Lakini ukishampa, alizikata, akazikunja, akazifunga kwenye mdundo, halafu akaingia kwenye kitufe cha kuchuja sauti. Ukikizungusha kitufe hicho upande mmoja, muziki unasikika kama sherehe ya jirani ambaye hakukualika. Ukikirudisha upande wa pili, mlango unafunguka na wewe umo ndani. Waliweza kukaa wiki tatu wakitafuta mlango ufunguke wakati gani. Hawakuzungumza. Tanguy aliinua kidole, Régis akazungusha. Kidole kikashuka, Régis akaacha. Nilisimama mlangoni siku moja nikiwatazama hivyo karibu saa nzima, nguo za kupiga pasi ziko mkononi. Sitaki kusema kwamba ilipendeza. Ilipendeza.

Wimbo uliowatoa ulitokana na santuri ya mwaka wa sabini na nane, ya mwanamke aliyejiita Josy Corbin. Juu ya jalada alikuwa ameegemea gari la njano akiwa na sura ya mtu aliyeambiwa aliegemee kwa tahadhari. Katika kiitikio aliimba neno "toujours", maana yake daima, akalivuta kwa majonzi kwelikweli. Neno hilo lilipopita kwenye mikono ya mafundi wetu lilikatika kabla ya kufika mwisho, ikabaki "tou", nao wakairudia: tou, tou, tou-tou. Sasa, kwa Kifaransa "toutou" ndilo jina tunalomwitia mbwa tukiongea na mtoto mchanga. Kwa hiyo wimbo uliotikisa kiangazi kile, uliochezwa kuanzia fukwe za Hispania mpaka Japani, ulikuwa dakika sita za mwanamke anayemwita kijibwa chake kwa huzuni isiyo na kifani. Wachambuzi waliandika kwamba hapo mashine inaomboleza kupotea kwa binadamu. Mmoja alitaja kifo mara nne.

Tanguy hakutaka kupigwa picha kwa sababu ana haya. Régis naye akakataa, kwa kuwa mtu alimwambia kukataa ni usanii. Wakapigwa wamegeuza migongo. Mama yetu aliikata picha ile gazetini akaibandika kwenye friji, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa kisogo cha mwanawe.

Mambo yakaenda vizuri hadi mwaka uliofuata, lilipokuja jarida moja la London likitaka mahojiano. Tanguy alisema ana homa, kama alivyokuwa nayo kila palipotokea mahojiano. Régis akaenda peke yake. Régis ni mtu mwema, nimemjua tangu hajui kufunga kamba za viatu, lakini ukimpa mtu wa kumsikiliza na kinasa sauti, anapanuka kama mkate uliotiwa hamira. Jarida lilipotoka, Tanguy alijifungia nalo siku mbili pamoja na kamusi ya Kiingereza. Siku ya tatu alikuja maabara, akaliweka juu ya sinia la magego.

"Dada," akasema, "hili neno la herufi moja lina maana gani?"

"Mimi," nikamjibu.

"Nilidhani kuna maana nyingine."

Nilisoma. Mimi nilisikia, mimi nilichagua, mimi nilitengeneza. Na kuhusu lile neno la Josy Corbin, ambalo mwandishi aliliita mkato mkubwa kuliko yote katika muziki wa dansi, Régis alieleza kwamba mara tu alipolisikia alijua kisu kinapita wapi. Tanguy hakupandisha sauti. Hajawahi kupandisha sauti tangu kuzaliwa, mama alimpeleka kwa daktari kwa sababu hiyo. Alikwenda tu kwenye redio moja ya Lyon, akatoa mahojiano ya kwanza maishani mwake, yenye sentensi nne, na mbili kati ya hizo zilisema kwamba neno lile alilikata yeye.

Ikawa vita, kwa mtindo wao. Wakati huo walikuwa wamehamia karakana ya zamani ya kushona makochi nyuma ya stesheni, na walitakiwa kutengeneza albamu ya pili. Waligawana siku. Tanguy aliingia asubuhi, Régis mchana, na mimi katikati nikibeba ujumbe, nikiwa na cheo cha meneja na kazi ya njiwa. Tanguy aliweka ngoma asubuhi. Régis akaziondoa baada ya chakula. Régis aliweka kinanda. Kesho yake saa nne hakikuwepo. Baada ya miezi saba albamu ilikuwa na dakika nne, na hizo zilisalia kwa sababu mashine iligoma kuzifuta. Niliwaomba wakae mezani mara moja tu. Régis akasema yeye yuko tayari muda wowote Tanguy akiomba radhi. Tanguy akasema vivyo hivyo, kwa maneno machache zaidi.

Katikati ya hayo ikaja barua. Kampuni ya santuri ilikuwa inataka kuutoa upya ule wimbo wa kwanza ndani ya albamu ya pili, labda kwa kuona kwamba albamu yenyewe haina kitu, na wakili wao mpya, mtu makini, akagundua kwamba mwimbaji hakuwahi kuulizwa. Ruhusa ya mwanzo ilitolewa na kampuni iliyomrekodi zamani; yeye mwenyewe hakuna aliyemtafuta. Wengi tulidhani amekufa. Tanguy alidhani hivyo waziwazi, aliwahi kusema kwamba sauti ile ni ya mtu aliyekwisha kwenda. Kumbe aliyekwisha kwenda alikuwa mjini Alençon, anafundisha watu kuendesha magari, na jina lake kamili ni Josiane Corbineau. Wakili alimpelekea fomu. Ilirudi haijasainiwa, ina mistari miwili kwa kalamu ya wino: "Nataka kumwona mtu aliyenikata katikati ya neno. Waje wote wawili Jumapili, saa sita na nusu, watakula."

Kila mmoja aliniambia kwa siri kwamba aende mwenzake. Nikawaambia bibi ameandika wawili, na kwamba nikilazimika nitawapakia kwenye buti.

Jumapili ile ya mwezi wa tatu tukaondoka na kigari changu. Tanguy alikaa mbele, Régis nyuma, magoti yakiwa kwenye kidevu. Karibu na Dreux Régis aliniomba nimwambie mwenzangu wa mbele afunge dirisha.

"Amekusikia," nikasema.

"Mwambie hata hivyo."

Nikamwambia. Tanguy akaniomba nimjibu wa nyuma kwamba ataona. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, nina diploma na mume, na hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yangu.

Josiane alikuwa akitusubiri nje ya lango, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tatu, nywele zimekatwa chini, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Gari la shule yake lilikuwa ubavuni mwa nyumba, lile lenye breki mbili. Hakuwasalimia wasanii. Alikuja kwenye dirisha langu akaniambia kwamba nimeegesha kama mtu anayewakimbia askari, nirudi nyuma nianze upya. Nikarudi. Nikaanza upya. Alitaka mara ya tatu. Nilipotazama kwenye kioo nikawaona wale wawili wamesimama pamoja kwenye kijia wanacheka, bega kwa bega, kisha wakakumbuka kwamba hawazungumzi na kila mmoja akageukia ua lake la kutazama.

Chakula kilikuwa kizuri kuliko tulivyostahili. Tulianza na liki, vile vitunguu virefu vya majani, katika siki, ikaja nyama ya ndama katika mchuzi mweupe, na sida, ile pombe ya matofaa ya huko kwao, ambayo Régis aliinywa haraka kwa woga. Josiane aliongea yeye. Alisema mwaka wa sabini na nane alikuwa anaimba kwenye kumbi za dansi Jumamosi, harusi na sikukuu za zimamoto, na bahati ikamwangukia ya kurekodi santuri moja. Kiongozi wa okestra alitaka neno lile la "daima" liishe taratibu, kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Alilirudia mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja likaisha vile, na fundi aliyekuwa nyuma ya kioo akavua miwani. Santuri haikuuzwa. Hakulalamika, alijifunza kufundisha udereva, na kwa miaka ishirini akaishi na kumbukumbu kwamba aliwahi kulimaliza neno moja sawasawa.

"Halafu mkaja nyinyi," akasema.

Kiangazi kile wanafunzi wake waliwasha redio ndani ya gari na kukaa wakimtazama pembeni. Mwanamke wa duka la mikate alimwita toutou mbele ya foleni. Mkaguzi wa mitihani ya udereva, mtu mzima mwenye tai, alimbwekea. Wiki ya kwanza alicheka na wenzake, wiki ya pili pia. Baada ya mwaka na nusu, alisema, kicheko kinakuwa kazi ya ziada. Aliongeza mchuzi kwenye sahani ya Tanguy bila kumuuliza, akakaa, akakunja kitambaa chake cha meza.

"Basi. Nani alinikata?"

Nawaomba mkumbuke kwamba watu hawa wawili walikuwa wameharibu mwaka mzima wa maisha yao, na wa kwangu, wakigombania heshima ya mkato huo. Régis alijifuta mdomo, akameza.

"Kusema kweli, mama," akasema, "masikio ni ya Tanguy. Mimi nabonyeza tu."

Nikamtazama Tanguy. Tanguy alikuwa amekodolea macho kijiko.

"Mashine ni ya Régis," akasema. "Mimi hata kuiwasha siwezi."

Hapo nilifanya jambo ambalo meneja hapaswi kufanya. Niliweka uma chini nikamweleza yule mama kila kitu: jarida la London, redio ya Lyon, zamu za asubuhi na mchana, dakika nne. Nilimnukulia Régis, kisu na yote. Nilimnukulia Tanguy, sentensi zote mbili. Sikuacha kitu, na sitadanganya kwamba iliniuma. Masikio ya Régis yalikuwa mekundu. Josiane alisikiliza bila kupepesa, kama anayesikiliza injini yenye kasoro, kisha akasema tutafuata sheria ya barabara, wa kulia atangulie. Wa kulia alikuwa Tanguy.

Tanguy alikisogeza kijiko kando. Akasema santuri ile aliinunua bila kuikagua, na ilikuwa na mchubuko mahali pale pale. Sindano iliruka kabla ya neno kuisha. Aliona aibu kumpelekea mwenzake santuri mbovu, basi alipofika kwenye mchubuko aliinua kidole kama vile amechagua.

Régis alimgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni baada ya mwaka. Akasema hilo haliwezekani, kwa sababu neno lilikatwa na mashine. Kumbukumbu ya sampla ilikuwa imejaa. Alikuwa ameimaliza kwa ngoma ambazo Tanguy alimwonya asiziweke, na neno lilipoingia ilibaki nafasi ya nusu neno. Alijaribu kumwambia, akaona kidole kiko juu na sura ya Tanguy imetulia, akadhani mwenzake ameipenda hivyo. Akanyamaza.

"Uliniambia umekata kwa makusudi," Tanguy akasema.

"Wewe ulisema umechagua."

"Nilisema kwa sababu wewe ulisema."

Mpaka leo hatujui kama ni mchubuko au ni mashine iliyoshiba. Nilianza kucheka, nikaona nacheka peke yangu, maana Josiane alikuwa ameinuka. Alichukua sahani moja moja akaenda nazo jikoni. Tulisikia bomba la maji kwa muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa makavu, lakini sauti imeshuka. Alisema kwa miezi ishirini alikuwa amemtayarishia mtu huyo maneno. Alikuwa akiyapanga akiwa anafundisha watu kurudi nyuma, akiwa amelala. Alimpa sura mtu huyo, mrefu, mwenye dharau, anayejua anachofanya.

"Ningependa awe mtu," akasema. "Sasa nimgombeze nani, mchubuko?"

Régis alisema pole. Tanguy naye akasema, na kwa mara hiyo moja hakuna aliyekuwa ametayarisha maneno mazuri. Josiane alimimina kahawa. Kisha akasema atasaini, lakini kwanza wamrekodi akilimaliza neno lile, leo, hapa hapa, na wasiondoke mpaka liishe.

Régis alitembea na kinasa sauti na maikrofoni popote alipokwenda, kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Wakapanga sebuleni. Friji ilichomolewa kwa sababu ya mvumo wake, saa ya ukutani ikapelekwa chooni. Josiane akakaa kwenye kiti, akavuta pumzi, akaimba. Sauti ilikuwa imezama chini, kama samani iliyoachwa kwenye nyumba yenye unyevu, na pumzi haikufika. Neno lilikatika karibu na mahali pale pale. Alijaribu mara ya pili, ya tatu. Mara ya tano alisema neno jingine, ambalo pia alilikatisha, kwa adabu.

Nilitaka kusema inatosha. Nikamwona Tanguy ameketi sakafuni, amefumba macho. Aliinua kidole. Régis, bila kumtazama, aliishusha maikrofoni kama shibiri moja. Kidole kikasogea kushoto kidogo, Régis akalivuta zulia upande huo. Wala hawakujua wanachofanya, nina hakika; wangejua wangeacha.

"Mama," Tanguy akauliza, macho yakiwa bado yamefumbwa, "siku ile ulikuwa umekaa?"

Josiane alifikiri. Akasema hapana, alikuwa amesimama, ameegemea ukuta, kwa sababu viatu vya kuazima vilikuwa vinamuumiza. Tanguy akasema basi aegemee. Akaenda kwenye ukuta wa dirishani, akaweka mgongo, akaweka na kisogo. Mara mbili hakufika. Mara ya nane alikaribia. Mara ya tisa neno liliondoka polepole, chini kuliko lile la zamani, likiwa na kitu kama mchanga ndani yake, likasogea, likasogea, na likaisha. Najua mnategemea hapa mbwa wa jirani abweke. Hakubweka. Régis alizima kinasa sauti na kujifanya anatafuta kitu mfukoni, na Josiane akabaki pale ukutani ameweka mkono shingoni, akitutazama mmoja mmoja kama anayetuhesabu.

Alisaini fomu juu ya magoti, akatutoa mpaka langoni, akanisahihisha namna ya kutoka barabarani.

Kurudi, wote wawili waliingia kiti cha nyuma na kugawana spika za masikioni, moja huyu, moja yule, wakaniacha mbele peke yangu kama dereva wa teksi. Waligombana kuanzia Alençon mpaka Versailles. Régis alitaka neno liingie mapema, Tanguy alitaka lisubiriwe. Waliitana viziwi. Régis alimwambia Tanguy kwamba ana roho ya karani wa posta. Tanguy akamwambia kwamba ndiyo maana barua zake zinafika. Sijawahi kufurahia ugomvi kiasi kile.

Albamu ilikamilika kwa wiki kumi. Ingekamilika kwa nane, ila Josiane alikuwa amepata namba ya karakana, na kila siku saa moja asubuhi, kabla ya mwanafunzi wake wa kwanza, alipiga simu kutoa maoni. Ngoma zina kelele. Besi inasikika kama mashine ya kufulia iliyopakiwa vibaya. Kwa nini wimbo wa tatu hauna mwanzo, walikuwa wamechelewa wapi? Walipata adui wa pamoja, na hakuna kitu kilichowahi kuwapatanisha kama hicho. Walimsema mchana kutwa. Régis alisema yule mama atawaua. Tanguy alisema ndiyo, lakini kuhusu besi hakukosea. Wakaibadilisha besi.

Ilitoka vuli ya mwaka elfu mbili. Wachambuzi walisikitika. Waliandika kwamba Balkoni Mbili wamepoteza ule ujasiri wa kisu. Yule aliyetaja kifo mara nne safari hii alikitaja mara moja tu, tukajua mambo si mazuri. Wimbo wenye neno zima la Josiane ulichezwa na madijei wachache. Niliushuhudia mara moja, mchana, kwenye sherehe ya wazi kando ya mto: watu walinyanyua mikono wakisubiri kijibwa, neno likaja zima, likapita juu yao mpaka mwisho, wakabaki na mikono hewani hawajui waishushe lini. Wengine waliishusha polepole. Nilidhani ni jambo zuri kuliko yote waliyowahi kufanya, lakini mimi ni fundi wa meno. Huko Alençon albamu iliuzwa sana. Josiane alitolewa kwenye gazeti la wilaya, amepigwa picha kwa mbele, na yule mkaguzi mwenye tai alimletea nakala aisaini.

Baada ya hapo walifanya albamu moja zaidi, ya kawaida. Mwisho wao haukuwa na kisa. Mwaka 2003, wiki moja Tanguy hakuja karakanani, Régis akadhani ni mafua. Wiki iliyofuata Régis hakwenda, Tanguy hakuuliza. Ilipofika mwezi niliwapigia simu wote wawili, na kila mmoja akaniambia kwamba alikuwa anasubiri mwenzake aseme, asije akamuumiza. Nikawauliza kama wanataka niseme mimi. Walijibu, kila mmoja kwake, kwamba ingekuwa vyema. Nikaandika mistari miwili kwa kampuni na mistari hiyo hiyo kwa magazeti. Josiane nilimpigia mwenyewe. Aliuliza kama wamegombana, nikasema hapana, akasema hilo ndilo baya. Tanguy alikwenda Brest kutengeneza sauti za michezo ya jukwaani, Régis akabaki Paris na muziki wa filamu ambazo huwa sizielewi.

Mama nilimwambia mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama Régis bado atakuja kula Krismasi. Nikasema atakuja. Alikuja saa nane, tulipokuwa tumeshafika kwenye jibini, karibu na mwisho wa mlo, akabisha hodi kwa kiatu kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, na Tanguy ndiye aliyeinuka kumfungulia.